Kujenga Uzio wa Kobe: Joto, Kivuli na Maji katika Nyanda za Mpanda

Mvua za kwanza zinyeshapo mwezi wa Novemba katika mkoa wa Katavi, na nyasi changa zianzapo kuchipua katika misitu ya miombo, kobe hutoka mafichoni. Huonekana wakivuka njia za Mpanda, Inyonga na Karema, na mara nyingi wanaowaona kwanza ni wanafunzi waendao shuleni. Ndipo baadhi yao huokotwa na kupelekwa nyumbani. Mwenye kumwokota humtia katika boksi la ghalani, au humwacha uani akiwa amefungwa kamba iliyopitishwa katika tundu lililotobolewa pembeni mwa gamba lake. Kobe hapigi kelele wala haonyeshi maumivu. Hula kidogo, hunyamaza, na baada ya miezi kadhaa hufa; na wenyeji husema kwamba bila shaka alikuwa mzee.

Aghalabu hakuwa mzee. Alikufa kwa kukosa vitu vitatu ambavyo msitu humpa bure, navyo ni nafasi ya kuchagua joto limfaalo, jua lifikalo moja kwa moja katika ngozi yake, na maji. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uzio wa nje unavyoweza kujengwa ili kumpa kobe vitu hivyo kwa kutumia vifaa vipatikanavyo Mpanda, na jinsi kazi hiyo inavyoweza kuwa somo la biolojia, fizikia na hisabati katika shule za sekondari. Kabla ya kushika jembe, hata hivyo, yatupasa tumfahamu mnyama mwenyewe na sheria inayomlinda.

Kobe wa misitu ya miombo

Aina mbili za kobe wa nchi kavu ndizo zinazohusika hasa na mazungumzo yetu. Ya kwanza ni kobe mwenye madoa kama ya chui, ajulikanaye kwa wataalamu kwa jina la Stigmochelys pardalis. Huyu ameenea kutoka Sudani na Ethiopia hadi kusini kabisa mwa Afrika. Gamba lake limeinuka kama kuba, na mtu mzima wa aina hii huweza kufikia urefu wa sentimita 30 hadi 50. Chakula chake kikuu ni nyasi na majani ya mimea midogo. Yeye si mchimbaji wa mashimo. Ahitajipo maficho hujibanza chini ya kichaka, au huingia katika shimo lililochimbwa na mnyama mwingine.

Aina ya pili ni Kinixys spekii. Jina hilo linamkumbuka Speke, msafiri Mwingereza aliyepita Unyamwezi pamoja na Burton na kufika Ujiji mwaka 1858. Kobe huyu ni mdogo, urefu wake ukiwa sentimita 20 hivi, na umbo lake ni la bapa. Ajabu yake ni kwamba gamba la mgongoni lina bawaba katika sehemu ya nyuma, hivyo huweza kulishusha na kuifunga miguu yake ya nyuma ndani. Chakula chake ni cha mchanganyiko: majani, matunda yaliyoanguka, uyoga, konokono na jongoo. Wakati wa kiangazi hujificha ardhini au ndani ya magogo yenye uwazi, akingoja mvua.

Msomaji ataona mara moja kwamba uzio mmoja hauwezi kuwafaa wote wawili kwa namna ileile. Mla nyasi ahitaji uwanja mpana wenye jua. Mla uyoga ahitaji kivuli, majani yaliyooza na udongo laini wa kujifukia. Hata katika nchi yetu yumo kobe wa tatu, Malacochersus tornieri, aishiye katika nyufa za miamba ya sehemu za kaskazini na kati, ambaye gamba lake ni jembamba na tambarare kama chapati. Huyo angehitaji rundo la mawe kuliko uwanja. Basi kanuni ya kwanza ni hii: mfahamu mnyama, kisha ndipo uchore ramani.

Mnyama asiyejitengenezea joto

Mwili wa binadamu huchoma chakula na kutengeneza joto lake mwenyewe, na kwa njia hiyo hubaki karibu na nyuzi 37 za Sentigredi, iwe usiku au mchana. Kobe, kama watambaazi wengine, hana uwezo huo. Joto lake hutoka nje, yaani kwa jua, kwa ardhi na kwa hewa. Asubuhi hutoka na kuota jua hadi mwili wake ufikie karibu nyuzi 30. Hapo ndipo misuli yake hufanya kazi vizuri na tumbo lake huweza kusaga nyasi. Jua likizidi, huenda kivulini. Mwili wake ukikaribia nyuzi 40, maisha yake yamo hatarini.

Kwa hiyo miguu ya kobe ndiyo kidhibiti-joto chake. Akifungwa kamba juani, kidhibiti hicho kimekatwa, naye huweza kufa katika mchana mmoja. Akiwekwa ghalani penye baridi, chakula alichokula hukaa tumboni bila kusagika, naye hudhoofika kidogo kidogo kwa muda wa miezi. Kifo cha aina hii ya pili ndicho kinachodhaniwa kuwa ni uzee.

Ukubwa wa mwili nao una maana yake. Tuchukue mtoto wa kobe mwenye urefu wa sentimita 5 na mzazi wake mwenye urefu wa sentimita 40, tukijaalia kwamba maumbo yao yanafanana. Mzazi ni mrefu mara 8. Eneo la ngozi na gamba lake ni kubwa mara 64 (8 x 8). Lakini ujazo wake ni mkubwa mara 512 (8 x 8 x 8). Hii ina maana kwamba, kwa kila kipimo cha mwili, mtoto ana eneo la nje lililo kubwa mara 8 kuliko la mzazi. Yeye hupata joto upesi, na hupoteza maji upesi. Mahali ambapo mzazi huweza kuota jua kwa saa nzima, mtoto huhatarika baada ya dakika chache. Kivuli cha mtoto lazima kiwe hatua chache tu kutoka mahali popote alipo.

Jua lina kazi nyingine isiyoonekana kwa macho. Ndani ya mwanga wake mna miali ya urujuanimno, ambayo, ikigusa ngozi ya kobe, humwezesha kutengeneza vitamini D. Bila vitamini hiyo mwili hauwezi kufyonza kalsiamu kutoka katika chakula. Ikumbukwe kwamba gamba ni mfupa ulio hai. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, nalo lina damu na mishipa ya fahamu. Kobe anayekosa jua huota gamba laini au lililopinda, na miguu yake hushindwa kumbeba. Kumweka karibu na dirisha la kioo hakusaidii, kwa sababu kioo huzuia sehemu kubwa ya miali hiyo. Na kulitoboa gamba kwa ajili ya kamba ni sawa na kuutoboa mfupa.

Sheria hutangulia

Kobe ni mnyamapori, na kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hakuna mtu anayeruhusiwa kumkamata wala kumfuga bila kibali. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, hairuhusiwi kuondoa kiumbe chochote. Aidha, jamii yote ya kobe wa nchi kavu imo katika orodha za mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Yule kobe wa miambani tuliyemtaja alipandishwa hadi kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi mwaka 2019.

Basi mwanafunzi akimkuta kobe njiani, la kufanya ni moja tu: amvushe upande ule aliokuwa akielekea, kisha amwache. Amwinue kwa upole na kwa muda mfupi. Kobe huhifadhi maji katika kibofu kwa ajili ya kiangazi, na akishtushwa huyamwaga yote. Tone hilo lionekanalo kuwa uchafu tu huenda lilikuwa akiba yake ya miezi.

Iwapo kobe amekwisha kaa na watu, au amejeruhiwa na gari au moto wa pori, taarifa ipelekwe kwa Ofisa Wanyamapori wa Wilaya, au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Haifai kumrudisha porini kwa uamuzi wa mtu binafsi, kwa maana huenda akapelekwa mahali pasipo pake, au akawapelekea wenzake maradhi aliyoyapata kwa watu. Uzio tunaoueleza hapa ni kwa ajili ya kobe ambaye wataalamu wameamua kwamba abaki chini ya uangalizi, na ambaye shule au mlezi wake amepewa kibali cha maandishi. Uzio usijengwe kwanza ndipo kobe atafutwe wa kuujaza.

Umbo la uzio

Watu wengi wakiambiwa wajenge uzio huchora mstatili. Tuseme tunao uwezo wa kujenga ukuta wa mzingo wa mita 26. Mstatili wa mita 8 kwa 5 una mzingo huo, na eneo lake ni mita za mraba 40. Sasa tuuzungushe ukuta huohuo uwe duara. Nusu kipenyo chake kitakuwa 26 gawanya kwa mara mbili ya pai, yaani mita 4.14, na eneo lake litakuwa karibu mita za mraba 54. Kwa matofali yaleyale tumempa kobe uwanja ulio mkubwa kwa zaidi ya theluthi moja. Wazee waliojenga nyumba za msonge waliifahamu faida hii bila kuandika hesabu.

Duara lina faida ya pili. Kobe akutanapo na ukuta huufuata ukuta. Katika pembe ya mstatili huzuiwa pande mbili, naye huanza kupanda akiegemea kuta zote mbili hadi atoke nje au aanguke chali. Kobe aliyeanguka chali juani asipoweza kujigeuza hufa kwa joto. Katika duara hamna pembe. Huzunguka na kuendelea na safari yake.

Kuchora duara hilo ni kazi nyepesi. Chomekeni kigingi katikati, fungeni kamba yenye urefu wa mita 4 na sentimita 14, na mtu mmoja atembee akiuvuta mwisho wake na kuchora ardhini. Uwanja wa ukubwa huo wawatosha kobe wawili wakubwa wenye madoa, lakini wasiwe madume wawili, kwani hao hupigana kwa kugongana na kupinduana. Kobe wa Speke wasichanganywe nao.

Ukuta

Kosa la kawaida ni kutumia wavu wa waya. Kobe aonapo nyasi upande wa pili haelewi kwamba amezuiwa; husukuma siku nzima, hujichubua pua, na huweza kunasa kichwa au mguu. Ukuta usiopenyeza macho humtuliza, kwa kuwa asichokiona hakitafuti.

Matofali ya kuchoma, ambayo hutengenezwa kwa wingi mkoani Katavi, yafaa sana. Mabanzi ya mbao ni rahisi zaidi, lakini yakigusa ardhi mchwa huyala kabla ya msimu wa pili kwisha. Chimbeni msingi wa kina cha sentimita 30, na ukuta uinuke sentimita 50 juu ya ardhi. Jumla ni sentimita 80. Tukichukulia kwamba kila tofali pamoja na udongo wa kuungia ni urefu wa sentimita 25 na kimo cha sentimita 10, kila mstari utahitaji matofali 104, na mistari 8 itahitaji 832. Tukiongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya yatakayovunjika, tuandae matofali 915 hivi. Vipimo vya matofali hutofautiana kutoka tanuru moja hadi jingine. Kwa hiyo wanafunzi wapime yao kwanza, kisha wakokotoe upya.

Udongo wa kichuguu watosha kuungia matofali ya juu, lakini yaliyomo ardhini yaungwe kwa saruji ili maji yasiyalegeze. Upande wa ndani upigwe lipu laini, maana kobe wa Speke na watoto wa aina zote hupanda ukuta wenye mashimo. Juu kabisa pawekwe mawe bapa yanayochomoza ndani kwa sentimita 8. Mlango hauhitajiki, kwani mtu mzima aweza kuuvuka ukuta kwa hatua moja.

Ukuta wa sentimita 50 hauwazuii mbwa, nguchiro wala kenge. Kobe mkubwa huweza kujifungia katika gamba, lakini watoto wenye gamba laini ni windo jepesi, hata kwa kunguru. Watoto wawe na uzio wao mdogo wenye kifuniko cha wavu juu. Siafu ni adui mwingine. Nyasi zilizo nje ya ukuta zifyekwe kwa upana wa mita 2 au 3, jambo ambalo pia litauzuia moto wa pori katika miezi ya Julai hadi Oktoba.

Jua la Mpanda na kivuli chake

Hapa ndipo jiografia inapotusaidia. Mpanda ipo karibu nyuzi 6 na theluthi moja kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, karibu nyuzi 30 kutoka utosini; ukuta wetu wa sentimita 50 hutupa kivuli cha sentimita 29 upande wa kusini. Mwezi wa Desemba jua huwa upande wa kusini, nyuzi 17 kutoka utosini, na kivuli cha ukuta huwa sentimita 15 tu upande wa kaskazini. Lakini mapema Machi, na tena katika wiki ya pili ya Oktoba, jua hupita utosini kabisa, na wakati huo ukuta hauna kivuli chochote.

Sasa tuilinganishe kalenda hii na majira. Oktoba ndio mwisho wa kiangazi. Nyasi zimekauka, miti mingi imepukutisha majani, na joto la mchana limefikia kilele. Kumbe mwezi ule ambao kobe anahitaji kivuli kuliko miezi yote ndio mwezi ambao ukuta haumpi kivuli hata kidogo. Anayejenga uzio mwezi wa Juni na kuridhika na kivuli akionacho ukutani atakuwa amemwekea kobe wake mtego wa mwezi wa Oktoba. Kivuli lazima kitoke juu.

Mti usiopukutisha majani, kama vile mwembe, ukiwa karibu na ukuta upande mmoja, ni kivuli bora. Pasipo na mti, jengeni kibanda chenye paa la nyasi, urefu wa mita 1.5, upana wa mita 1, na kimo cha sentimita 60. Paa la bati halifai peke yake; chuma hupokea joto la jua na kulishusha chini. Nyasi zina hewa nyingi iliyonaswa kati ya mabua, na hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri cha joto. Mwenye bati aweke tabaka la nyasi juu yake.

Mdomo wa kibanda uelekee kaskazini-mashariki. Katika miezi ya Juni na Julai jua huchomoza upande wa kaskazini ya mashariki ya kweli, hivyo litaingia mapema mlangoni na kumwamsha kobe. Wakati huohuo upepo wa baridi wa majira hayo hutoka kusini-mashariki, nao utapiga ubavu wa kibanda. Usiku wa miezi hiyo jotoridi huweza kushuka chini ya nyuzi 15. Kwa hiyo sakafu iwe juu ya uwanja kwa sentimita 10, na itandikwe nyasi kavu kwa wingi.

Maji, udongo na chakula

Mkoani Katavi mvua hunyesha hasa kati ya Novemba na Aprili. Mvua moja kubwa ya milimita 50 humwaga lita 2,700 za maji ndani ya duara letu. Maji hayo yasipopewa njia, uwanja utakuwa bwawa na kobe atapata maradhi ya mapafu. Uwanja na uinamishwe kidogo, sentimita 2 kwa kila mita, na upande wa chini ukuta uachiwe matundu madogo yaliyozibwa kwa kokoto.

Chombo cha maji kiwe kipana na kifupi. Karai lenye kingo za wima ni hatari, kwa kuwa kobe huingia na kushindwa kutoka. Ni bora kufinyanga sahani ya saruji iliyozamishwa ardhini, yenye kingo za mteremko na kina kisichozidi sentimita 5 katikati. Maji yamwagwe na kubadilishwa kila siku. Kobe huoga na kujisaidia majini, na zaidi ya hayo, viluwiluwi vya mbu huhitaji siku kadhaa kukomaa. Maji yanayomwagwa kila siku hayazalishi mbu.

Katika sehemu moja ya uwanja lundikeni kichuguu cha mchanga na udongo, kimo cha sentimita 50, mahali panapopata jua. Jike hulichimba kwa miguu ya nyuma na kutaga humo. Mayai ya kobe mwenye madoa huweza kukaa ardhini miezi 8, na hata zaidi ya mwaka, kabla ya kuanguliwa. Joto la udongo huamua jinsia ya watoto: mayai yaliyokaa katika joto la juu hutoa majike, na yale ya joto la chini hutoa madume. Kwa kobe wa Speke, andaeni upande wa kivulini udongo laini wa kina cha sentimita 40 uliofunikwa majani makavu. Ajifukiapo wakati wa kiangazi asifukuliwe wala kulazimishwa kula, amepumzika tu.

Kuhusu chakula, mla nyasi aachiwe nyasi za uwanjani, naye aongezewe nyasi zilizokatwa, majani ya viazi vitamu, mlenda na mpungate uliotolewa miiba. Ugali, mkate, wali na nyama havimfai. Humkuza upesi mno na kuliharibu gamba. Maganda ya mayai yaliyosagwa humpa kalsiamu. Mnyaa na mbono, mimea inayopandwa sana kuwa ua katika sehemu za magharibi, ina sumu na isiwepo ndani ya uzio.

Kobe wachunguzwe kupe pia. Mwaka 2000 Idara ya Kilimo ya Marekani ilipiga marufuku kuingizwa nchini humo kobe mwenye madoa na aina nyingine mbili za Afrika, kwa kuhofia kupe wao wanaoweza kueneza ugonjwa wa maji moyo kwa ng'ombe. Kwa hiyo uzio uwe mbali na zizi la ng'ombe na mbuzi. Na kila amgusaye kobe anawe mikono kwa sabuni, kwani kinyesi chake huweza kubeba vijidudu vya salmonela vinavyoharisha watu, hasa watoto wadogo.

Kupima badala ya kukisia

Mwalimu asiridhike kwa kuuona uzio umekamilika. Uzio mwema hujulikana kwa kipimajoto. Wanafunzi wapime jotoridi mahali panne: juu ya udongo mtupu juani, chini ya paa la nyasi, chini ya kipande cha bati, na ndani ya udongo kwa kina cha sentimita 30. Wapime saa 1 asubuhi, saa 4, saa 7 mchana, saa 10 na saa 1 usiku, kwa siku tano, na kila mara waandike kobe yuko wapi. Vipimajoto viondolewe baada ya kusomwa, visije vikavunjwa na kobe.

Saa 7 mchana imechaguliwa kwa makusudi. Saa zetu hufuata longitudo ya 45 mashariki, ilhali Mpanda ipo karibu na longitudo ya 31. Tofauti ya nyuzi 14, kwa dakika 4 kila moja, ni dakika 56. Kwa hiyo jua la Mpanda hufika kilele chake karibu saa 7, wala si saa 6.

Wanafunzi watakapochora grafu wataona kwamba mstari wa udongo wa kina cha sentimita 30 haupandi wala haushuki sana kutwa kucha. Hiyo ndiyo siri ya wanyama wanaojifukia. Wataona pia kwamba kobe huhama kutoka mahali hadi mahali kwa kufuata joto, kana kwamba ameisoma grafu yao. Ikiwa saa yoyote ya mchana hakuna mahali penye jotoridi chini ya nyuzi 30, uzio haujakamilika, kivuli kiongezwe.

Fundisho la Changuu

Uzio maarufu kuliko wote wa kobe nchini mwetu upo mbali na Mpanda, katika kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Zanzibar. Mwaka 1919 kobe wakubwa wanne wa Aldabra walipelekwa huko, zawadi kutoka Shelisheli. Walizaliana, na ilipofika mwaka 1955 walikuwa 200 hivi. Bahari iliwazuia kutoka, lakini haikuwazuia watu kuingia. Waliibwa kwa ajili ya kuuzwa nje na kwa ajili ya kuliwa. Mwaka 1988 walikuwa karibu 100, mwaka 1990 walikuwa 50, na mwaka 1996 walibaki 7. Mwaka huohuo wakaletwa watoto 80, na 40 kati yao wakatoweka. Ndipo Serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa chama cha kimataifa cha kutetea wanyama, ilipojenga uzio mkubwa wenye ulinzi, na idadi yao ikaanza kupanda tena.

Kobe hao hawakupungua kwa kukosa jua, majani au maji. Walipungua kwa kukosa walinzi. Shule inayopewa kibali haina budi kufungua daftari la kobe, lenye picha ya madoa ya gamba la kila mmoja, uzito wake wa kila mwezi, na jina la darasa lenye zamu. Kobe mwenye madoa akitunzwa vema huweza kuishi miaka 50 na zaidi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayeweka tofali la kwanza leo hatakuwepo shuleni miaka mitatu ijayo, na mwalimu wake huenda akahamishwa kabla ya hapo. Daftari hilo ndilo litakalomkabidhi kobe kutoka mikono hii hadi mikono mingine. Shule isiyoweza kuahidi makabidhiano hayo imwache kobe avuke njia na kwenda zake.

Mazoezi

1. Mnao matofali ya kutosha mzingo wa mita 20. Kokotoeni eneo la mraba na la duara lenye mzingo huo. Ni lipi kubwa, na kwa kiasi gani?

2. Pimeni kivuli cha fimbo ya mita 1 saa 7 mchana, mara moja kila wiki, kuanzia Septemba hadi Novemba. Ni wiki ipi kivuli hutoweka? Elezeni sababu.

3. Kobe mmoja ana urefu wa sentimita 10 na mwingine sentimita 30. Linganisheni uwiano wa eneo na ujazo wao. Ni yupi atakayepata joto haraka zaidi, na ni mara ngapi?

4. Jirani amemfunga kobe kwa kamba iliyopitishwa katika gamba. Andikeni barua fupi ya kumweleza, kwa adabu na kwa hoja za kisayansi, kwa nini amfungue na ampelekee nani taarifa.